Picha ya Mtoto ni Amana

Ni nadra leo kuipata nyumba ya Pwani, tangu Lamu hadi Vanga, ambayo simu yake haina sura ya mtoto mchanga. Mtoto hajatimiza arubaini, na tayari ameshaonwa na shangazi yake aliye Maskati na binamu zake walio Uingereza. Akipiga miayo, jamaa hucheka. Akishika kitanda na kusimama dede, hongera humiminika kutoka kila pembe. Ni furaha halali, na hakuna wa kuilaumu. Lakini katikati ya furaha hiyo ni wachache wanaojiuliza maswali mawili. La kwanza: video hii yaweza kutufunza nini juu ya mtoto wetu? La pili: ikishatoka mikononi mwetu, itakuwa mikononi mwa nani?

Maswali haya yana uzito mjini Mombasa, ambako hospitali haiko mbali. Yana uzito mkubwa zaidi kwa jamaa zetu waliokwenda kufanya kazi au biashara katika kaunti ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, na kwa ndugu zetu Waislamu wanaoishi huko, wakiwamo Wasomali wengi waliopata hifadhi katika kambi ya Kakuma tangu ilipofunguliwa mwaka 1992. Kutoka Lodwar, makao makuu ya kaunti, hadi Kakuma ni takriban kilomita 120. Nje ya miji hiyo miwili, katika mahali kama Nakalale, safari ya kumfikia daktari yaweza kuila siku nzima na nauli ya juma zima. Mama aliye huko akiona jambo asilolielewa katika mwili wa mtoto wake usiku wa manane, huenda simu yake ndiyo shahidi wa pekee. Basi na tuitazame simu hiyo kwa makini: faida yake, mipaka yake na haki ya mtoto aliyemo ndani yake.

Daftari kabla ya kamera

Elimu ya tabia za watoto wachanga haikuanza na kamera. Ilianza na jicho lenye subira, na sehemu kubwa ya mwanzo wake ilikuwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala, akapata nafasi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki. Kwa muda wa miezi tisa hivi alizitembelea familia 26 za Kiganda zilizokuwa na watoto wachanga 28. Aliketi sebuleni na akina mama kwa takriban saa mbili kila ziara, akiwa na mkalimani, na akaandika aliyoyaona: mtoto analia lini, anamfuata nani kwa macho, anarudi kwa nani anapoogopa. Kitabu chake juu ya watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967, na mawazo yaliyozaliwa katika sebule zile yanafundishwa hadi leo katika vyuo vya dunia nzima kila yanapozungumzwa mapenzi baina ya mtoto na mlezi wake.

Hata hivyo, daftari lina upungufu wake. Lina yale tu ambayo mwandishi aliyaona, tena aliyoyaona yafaa kuandikwa. Akipitiwa na kitu kidogo, kama vile mkono uliotikisika au jicho lililogeuka, kimekwenda. Hakuna awezaye kurudi nyuma akitazame tena, wala mtaalamu mwingine hawezi kumwambia, “Mwenzangu, mimi naona vingine.” Video ndiyo iliyoliziba pengo hilo. Huweza kurudishwa nyuma mara mia, kupunguzwa mwendo, na kutazamwa na watu kumi wasiojuana, kisha wakalinganisha waliyoyaona.

Walichokiona Kokwet na Kilifi

Miaka ya sabini ya karne iliyopita, mtafiti Charles Super aliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis katika nyanda za juu za Kenya. Wakati ule ilisemwa sana kwamba watoto wa Kiafrika huwahi kukua kimwili kuliko wa Ulaya na Marekani, kana kwamba jambo hilo limo katika damu. Super alitazama kwa karibu zaidi, na mwaka 1976 akachapisha matokeo yake. Watoto wa Kokwet waliwahi kukaa na kutembea. Lakini katika kujiviringisha na kutambaa hawakuwatangulia wenzao wa Marekani. Sababu ilikuwa nyumbani: akina mama wa Kipsigis walikuwa wakiwafunza watoto wao makusudi kukaa na kutembea, ilhali kutambaa hakuna aliyekufunza. Bibi zetu wanaomkalisha mtoto kwa kumzungushia mito, na kumwita aje “tata, tata,” hawatashangaa kulisikia hilo.

Funzo lake ni kubwa. Kipimo cha mtoto hakifai kuagizwa kutoka ughaibuni na kuvikwa watoto wetu kama nguo ya mtu mwingine. Hilo ndilo lililowashughulisha wataalamu wa Kilifi, mji wenye kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI na Wellcome tangu mwaka 1989. Mwaka 2008 Dkt. Amina Abubakar na wenzake walichapisha kipimo cha ukuaji kilichopewa jina la Kilifi, kwa ajili ya watoto wa miezi 6 hadi 35. Kipimo hicho hutazama yale ambayo mtoto mwenyewe anayatenda kwa mwili na mikono yake, kwa kutumia vitu visivyo vigeni kwake. Leo, popote mzazi anapompelekea mhudumu wa afya video ya mtoto wake, haifai kuulizwa tu kama mtoto anafanya kama wa kwenye kitabu. Lazima pia kuulizwe: mtoto huyu analelewa vipi, anabebwa vipi, nani humkalisha, na anapata wapi nafasi ya kutambaa?

Kanda za Kisii: macho mawili, video moja

Mfano ulio bora kuliko yote wa kurekodi na kushirikiana kutazama ulitokea kusini-magharibi mwa Kenya, kwa Wakisii, kati ya mwaka 1974 na 1976. Kundi la watafiti lililoongozwa na Robert LeVine, likiwa na madaktari na wanasaikolojia kama T. Berry Brazelton, Suzanne Dixon na Edward Tronick, liliwarekodi akina mama wakiwa uso kwa uso na watoto wao. Hatimaye utafiti huo ulitolewa kama kitabu mwaka 1994.

Walichokiona kilimtatiza aliyezoea malezi ya Marekani. Mama wa Kimarekani alipomkabili mtoto alimwongelesha kwa msisimko, akamkodolea macho na kumchekesha mpaka mtoto akapiga kelele za furaha. Mama wa Kisii alifanya kinyume. Mtoto alipoanza kusisimka, mama aligeuza uso kidogo, akamtuliza. Mtazamaji mwenye haraka angesema kuwa mama huyu hana mapenzi. Lakini mama huyo huyo alimbeba mtoto wake mchana kutwa, akalala naye usiku, na hakumwacha alie bila kumjibu upesi kwa kumnyonyesha au kumtikisa.

Kisha kamera ikageuzwa. Akina mama wa Kisii walionyeshwa kanda za akina mama wa Marekani, na wao wakafadhaika: vipi mama amwache mtoto alie, hata kwa kitambo kidogo, kabla ya kumchukua? Kwao huo ndio uliokuwa upungufu wa malezi. LeVine na wenzake waliyaeleza malezi hayo mawili kama shabaha mbili tofauti. Mama wa Kisii alikusudia kwanza kumlinda na kumtuliza mtoto katika mazingira ambamo watoto wengi walikuwa wakifariki wachanga. Mama wa Marekani, ambaye hofu hiyo ilikuwa imempungukia, alikusudia mapema kumfunza maongezi.

Tuzingatie lililotokea pale. Lau kanda zile zingebaki katika kabati za chuo kikuu na kutazamwa na maprofesa peke yao, nusu ya elimu ingepotea. Zilipowarudia akina mama, wao nao wakawa wajuzi wa kuhukumu. Video haisemi yenyewe. Husemeshwa na anayeitazama. Kwa hiyo kushirikishana video kuna maana yake iliyo bora pale inapomrudia aliyerekodiwa, naye akaulizwa: “Wewe unaona nini hapa?”

Pale video inapookoa

Hadi hapa tumezungumza juu ya elimu ya wataalamu. Liko jambo linalomhusu kila mzazi. Yako maradhi ya watoto wachanga ambayo hayaonekani katika chumba cha daktari. Huja na kuondoka, na mtoto akifika hospitali ametulia, anatabasamu. Mama huambiwa, “Mtoto wako hana neno,” akarudi nyumbani na wasiwasi wake.

Mojawapo ni aina ya kifafa cha watoto wachanga ambacho aghalabu huanza kati ya mwezi wa tatu na wa kumi na mbili. Mtoto huinamisha kichwa ghafla, mikono ikarushwa mbele au magoti yakakunjwa, kwa sekunde moja au mbili. Kisha huachia, halafu hurudia tena na tena mfululizo, hasa anapoamka usingizini. Si rahisi kukijua, kwa maana hufanana na kushtuka au msokoto wa tumbo, na kwetu Pwani jamaa wengine watasema ni degedege au nyuni, wakatafuta kombe na hirizi. Siku zinapita, na kila siku inayopita bila ya dawa huweza kuudhuru ubongo. Video ya dakika mbili mbele ya daktari wa watoto huweza kuufupisha mzunguko wote huo.

Jambo la pili ni mtindio wa ubongo. Daktari Heinz Prechtl, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi Groningen huko Uholanzi, alitumia miaka mingi kutazama rekodi za watoto wachanga waliolala chali bila kuguswa na mtu. Aligundua kwamba mtoto mzima wa takriban miezi mitatu hadi mitano huwa na mitikisiko midogo midogo, laini, ya shingo, kiwiliwili, mikono na miguu, inayokwenda kila upande anapokuwa macho na ametulia. Mwaka 1997 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto 130 katika jarida la Lancet, wakaonyesha kuwa kukosekana kwa mitikisiko hiyo ni dalili yenye nguvu sana ya tatizo la ubongo litakalodhihiri baadaye. Zamani mzazi alikuwa akilijua hilo mtoto anapochelewa kukaa au kutembea. Leo mtaalamu aliyefunzwa anaweza kulishuku mapema kwa kutazama dakika chache za video, na mazoezi ya viungo yakaanza wakati ubongo ungali laini. Watoto wanaohitaji zaidi kutazamwa hivyo ni waliozaliwa kabla ya wakati, waliochelewa kulia walipozaliwa, na waliopata umanjano mkali au uti wa mgongo uchangani.

Tuchukulie mama yuko Nakalale na muuguzi aliyefunzwa yuko Lodwar. Anaweza kurekodi kwa namna hii. Mtoto alazwe chali juu ya mkeka au leso isiyo na marembo mengi, awe macho, ameshiba, halii. Avae nguo nyepesi inayoacha mikono na miguu wazi. Nepi ibaki mahali pake. Simu ishikwe juu yake pasipo kutikiswa, mwili wote uonekane kuanzia kichwa hadi vidole vya miguu, penye mwanga wa kutosha. Asiongeleshwe, asipewe kitu cha kuchezea. Dakika tatu hadi tano zinatosha. Usiongeze muziki wala marembo, kwani unayemtumia hatafuti urembo.

Ikiwa ni tukio la ghafla, mmoja amshike mtoto na mwingine arekodi, ataje saa kwa sauti. Mtoto anayedegea alazwe ubavu, na asitiwe chochote mdomoni. Nasaha moja isisahauliwe: video haichukui nafasi ya safari ya hospitali. Mtoto mwenye homa aliyepata degedege, au degedege inayopita dakika tano, apelekwe mara moja, awe amerekodiwa au hakurekodiwa.

Ruhusa ya kupiga si ruhusa ya kugawa

Sasa tuje kwenye upande wa pili wa jambo hili. Taarifa nyingi za utafiti huweza kufichwa mwenyewe: jina likafutwa, ikawekwa nambari. Video ya mtoto haifichiki hivyo. Ukiufunika uso umeifunika elimu yenyewe, kwa sababu kinachochunguzwa ni macho, tabasamu na sauti. Tena humo huonekana nyumba, mama, ndugu, mkeka, na sauti ya baba ikisikika kutoka nje. Anayeitazama ameingia nyumbani bila ya kupiga hodi.

Hata hivyo, kuzificha zote kabatini nako kuna hasara. Video moja aliyoipiga mtafiti wa kutambaa yaweza kumfaa mtafiti wa lugha, au daktari, au mwalimu wa wauguzi, bila ya familia nyingine kusumbuliwa upya. Kwa ajili hiyo, Karen Adolph wa Chuo Kikuu cha New York na Rick Gilmore wa Chuo Kikuu cha Penn State walianzisha maktaba ya video iitwayo Databrary, iliyofunguliwa mwaka 2014. Utaratibu wake unafaa kuigwa. Maktaba hiyo haiko wazi kwa kila mpita njia. Anayeingia sharti awe mtafiti aliyeidhinishwa, na chuo chake kitie saini kwamba kitabeba dhamana. Na familia huombwa ruhusa mara mbili. Kwanza, ruhusa ya kurekodiwa. Kisha, pekee yake, ruhusa ya kushirikisha watafiti wengine; na hata hapo mzazi ana hiari ya kukubali kwamba vipande vionyeshwe darasani na mikutanoni, au kukataa. Aliyekubali la kwanza hahesabiwi kuwa amekubali la pili.

Sheria za kwetu nazo hazikulala. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, imesema kuwa maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya data za mtoto kutumiwa, na kwa njia inayolinda haki zake. Septemba 2023, Kamishna wa Data alilitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kusambaza picha za wanafunzi bila ya ridhaa ya wazazi. Tanzania nayo ilipitisha sheria yake ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2022. Kwa ufupi, sura ya mtoto wako si mali ya aliyebonyeza kamera.

Stara ya mama, na jicho la jamaa

Kwa familia ya Kiislamu liko la ziada. Video nzuri ya mtoto mchanga hupigwa pale alipo, na aghalabu yupo kifuani kwa mama. Mama yuko nyumbani kwake, hana mtandio, ananyonyesha. Mtafiti mwanamke akikubaliwa kuingia, haimaanishi kwamba wanaume wa chuo cha mbali wamekubaliwa kutazama. Hili mama aliseme mapema, bila ya haya: nirekodiwe na nani, nitazamwe na nani, na sehemu gani ifutwe. Mtafiti mwenye adabu hatachukia. Atapanga muda mwingine, au atamwelekezea kamera mtoto peke yake.

Wako pia wanaochelea jicho la hasadi, hata wakampaka mtoto wanja paji la uso kabla ya kutoka naye. Wasichekwe. Huyo aliyeogopa kumwonyesha mtoto kwa jirani, kisha akamweka katika hali ya WhatsApp mbele ya watu mia tatu, ndiye anayepaswa kujihoji.

Wala tusidhani kwamba watu wa Turkana ni wageni wa kamera. Mwaka 1973 na 1974, wapiga filamu David na Judith MacDougall walikaa na jamaa za Kiturkana na kutoka humo zikapatikana filamu tatu. Katika ile inayohusu ndoa, iitwayo A Wife Among Wives, wanawake wenyewe wanaulizwa ni mambo gani yanayofaa kurekodiwa. Swali hilo, la zaidi ya miaka 50 iliyopita, lingali ndilo la kwanza ambalo kila mwenye kamera angelipaswa kuuliza anapoingia bomani.

Kakuma swali hilo ni zito zaidi, kwa sababu aliyeko kambini anategemea msaada. Mtu mwenye kitambulisho shingoni na kalamu mkononi anapomwomba ruhusa, mkimbizi huweza kuogopa kwamba akikataa, jina lake litatoka katika orodha ya chakula. Ridhaa iliyotolewa kwa hofu si ridhaa. Mwenye kuomba lazima aseme wazi, kwa lugha ambayo mama anaielewa, kwamba kukataa hakutampunguzia hata kibaba kimoja.

Maswali ya kuuliza mlangoni

Akija mtu nyumbani kwako, iwe Lodwar, Kakuma, Kilifi au Mombasa, akaomba kumrekodi mtoto wako kwa ajili ya utafiti, mkaribishe kwa heshima, kisha muulize.

Kwanza, umetumwa na chuo au taasisi gani, na kibali chako kiko wapi? Kenya, utafiti huhitaji leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, pamoja na idhini ya kamati ya maadili.

Pili, unachunguza nini hasa, na mtoto wangu atafanywa nini wakati wa kurekodiwa?

Tatu, video itawekwa wapi, kwa muda gani, na ni nani watakaoitazama? Je, itatoka nje ya nchi?

Nne, nikibadili nia mwezi ujao, namwambia nani, na itafutwa vipi?

Tano, mkiona dalili ya ugonjwa kwa mtoto wangu, mtaniambia? Hili wengi hulisahau, nalo ndilo lenye faida ya karibu zaidi kwa mtoto.

Sita, nami nitaonyeshwa? Matokeo yatarudi kijijini, au tutayasikia kwa wengine?

Mama na baba washauriane kabla ya kutia saini. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya mtu anayemwamini, na karatasi moja ibaki nyumbani.

Na sisi wenyewe, tunapomtumia mhudumu wa afya video ya mtoto, tumtumie yeye peke yake, si kundi la ukoo. Tusitaje jina kamili la mtoto wala mahali anapoishi zaidi ya inavyohitajika. Tumwombe aifute akishamaliza kazi nayo. Tukumbuke pia kuwa simu nyingi huhifadhi nakala zenyewe, hivyo tuliyoifuta mahali pamoja huenda ingali mahali pengine.

Mtoto mchanga hana ulimi wa kukubali wala wa kukataa. Miaka kumi na tano ijayo atakuwa kijana mwenye haya na heshima yake, naye huenda akauliza, “Mama, video ile ya mimi nikidegea, nani wengine walioiona?” Mama wa Nakalale aliyemrekodi mtoto wake kwa dakika mbili, akamtumia muuguzi wa Lodwar, mtoto akapata dawa na video ikafutwa, atakuwa na jibu. Usiku wa leo, mtoto akishalala, tufungue simu zetu na tutazame tulichokiweka humo, na tuliowapelekea. Kilicho cha kufutwa tukifute, na kilicho cha kumwonyesha daktari kesho tukitenge.